Maisha ya Patrice Lumumba na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Nchini Kongo, 1960–1965

Utangulizi

Swali kuhusu vita vya Kongo linaweza kuja kwa sura nyingi. Unaweza kuulizwa sababu za vita, nafasi ya Umoja wa Mataifa, athari za Vita Baridi barani Afrika, au mchango wa kiongozi mmoja. Wanafunzi wengi hukimbilia jibu moja kwa maswali yote hayo: ukabila. Jibu hilo si la uongo, lakini mtahini akilikuta peke yake hawezi kukupa alama zote, kwa kuwa halielezi kwa nini nchi iliyopata uhuru tarehe 30 Juni ilianza kumeguka tarehe 11 Julai ya mwaka huohuo.

Katika sura hii tutayafuata maisha ya Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Kila hatua ya maisha yake inaonyesha sababu mojawapo ya vita hivyo. Soma sehemu ya 1 hadi ya 7 kama hadithi moja, kisha sehemu ya 8 itakusaidia kupanga hoja zako.

1. Mambo ya kujua kabla ya kuanza

Kongo ni nchi kubwa sana. Eneo lake ni takribani mara mbili na nusu ya eneo la Tanzania. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na wananchi walilazimishwa kukusanya mpira kwa viboko, mateka na mauaji. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji iliichukua nchi hiyo kuwa koloni, ikaitawala hadi mwaka 1960.

Utajiri wa Kongo haukugawanyika sawasawa. Jimbo la Katanga, kusini-mashariki, lilikuwa na shaba, kobalti na urani. Urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Madini hayo yalichimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Jimbo la Kasai lilikuwa na almasi. Sehemu kubwa ya mapato ya serikali ilitoka Katanga, kwa hiyo aliyeishika Katanga aliushika mfuko wa nchi.

Miji mingi ilibadilishwa majina baadaye. Usichanganye:

- Léopoldville ni Kinshasa ya leo.
- Stanleyville ni Kisangani.
- Élisabethville ni Lubumbashi.
- Thysville ni Mbanza-Ngungu.
- Bakwanga ni Mbuji-Mayi.

2. Utoto, elimu na kazi ya posta

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, jimbo la Kasai. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Watetela. Alisoma katika shule za misheni, za Kiprotestanti na za Kikatoliki. Hakufika chuo kikuu, na hilo halikuwa jambo la ajabu. Wabelgiji walijenga shule nyingi za msingi lakini waliufunga mlango wa elimu ya juu. Hadi siku ya uhuru, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Akiwa kijana alihamia Stanleyville, akawa karani wa posta. Alijisomea vitabu usiku, akaandika makala katika magazeti, na akaongoza vyama vya Waafrika waliosoma. Alizungumza Kitetela, Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Lugha hizo zilimsaidia baadaye kuhutubia watu wa majimbo mbalimbali bila mkalimani, jambo ambalo wanasiasa wengi wa Kongo hawakuliweza.

Wabelgiji walikuwa na daraja maalumu la Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mtu aliyetaka kuingia daraja hilo alichunguzwa hadi nyumbani kwake: anakula vipi, ana vitabu gani, anaishi vipi na mkewe. Lumumba aliomba na akakubaliwa. Lakini hata baada ya kukubaliwa, mshahara wake haukulingana na wa karani Mbelgiji aliyefanya kazi ileile.

Mwaka 1956 alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, akafungwa, na akaachiwa mwaka 1957. Gerezani aliandika muswada wa kitabu ambamo bado alitetea ushirikiano kati ya Wabelgiji na Wakongo. Jambo hili ni muhimu katika mtihani: Lumumba hakuzaliwa akiwa mpinzani mkali wa Ubelgiji. Miaka miwili tu iliyofuata ndiyo iliyombadilisha.

3. Kutoka muuzaji wa bia hadi kiongozi wa chama

Alipotoka gerezani alikwenda Léopoldville, akaajiriwa na kampuni ya bia. Kazi ya kutangaza bia ilimpeleka katika baa na mitaa ya Waafrika, akajulikana haraka na akajifunza kuzungumza na umati. Oktoba 1958 alishiriki kuanzisha chama cha Mouvement National Congolais, kwa kifupi MNC.

Linganisha chama hiki na vyama vingine vya wakati huo:

- ABAKO, kikiongozwa na Joseph Kasavubu, kilikuwa na nguvu miongoni mwa Wabakongo wa eneo la Léopoldville na Kongo ya chini.
- CONAKAT, kikiongozwa na Moïse Tshombe, kilikuwa chama cha Katanga. Kilitaka Katanga ijitawale, na kiliungwa mkono na walowezi wa Kibelgiji.
- MNC kilitaka nchi moja yenye serikali kuu imara, na kiliandikisha wanachama bila kujali kabila.

Desemba 1958 Lumumba alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika uliofanyika Accra, Ghana, ambako alikutana na Kwame Nkrumah na wapigania uhuru wengine. Aliporudi alihutubia mkutano mkubwa Léopoldville na kudai uhuru bila kusubiri. Siku chache baadaye, tarehe 4 Januari 1959, ghasia zilizuka mjini humo baada ya mkutano wa ABAKO kuzuiwa. Watu wengi waliuawa. Mwezi huohuo Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru, bila kutaja tarehe.

Katikati ya mwaka 1959 MNC kiligawanyika. Albert Kalonji, Mluba wa Kasai, alijitoa na kuunda tawi lake. Zingatia jina hili, kwa kuwa atarudi katika sehemu ya 5. Oktoba 1959 ghasia zilizuka Stanleyville, na Lumumba akakamatwa kwa kosa la uchochezi. Januari 1960 alihukumiwa kifungo cha miezi sita.

Wakati huohuo Ubelgiji iliitisha mkutano wa viongozi wa Kongo mjini Brussels. Wajumbe walikataa kuendelea bila Lumumba. Akatolewa gerezani, akapelekwa Brussels kwa ndege. Mkutano uliamua kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni 1960. Kulikuwa kumebaki miezi mitano.

4. Uhuru na wiki iliyovunja dola

Katika uchaguzi wa Mei 1960, chama cha Lumumba kilipata viti 33 kati ya 137 vya bunge. Ndicho kilichoongoza, lakini hakikupata nusu. Ilibidi kuunda serikali ya mseto. Kasavubu akawa Rais na Lumumba akawa Waziri Mkuu. Hivyo nchi ikaanza safari ikiwa na viongozi wawili wenye vyama tofauti, na katiba ya muda iliyoandikwa Brussels haikueleza vizuri mipaka ya madaraka yao.

Siku ya uhuru Mfalme Baudouin alihutubia na kumsifu Leopold II kwa kazi aliyoifanya Kongo. Lumumba hakuwa katika ratiba ya wasemaji, lakini alisimama akazungumza. Aliwakumbusha waliohudhuria kazi za kulazimishwa, matusi, vipigo, ardhi iliyonyang'anywa na sheria zilizomtenga mweusi na mweupe. Wakongo waliosikiliza redioni walishangilia. Wabelgiji walikasirika.

Hata hivyo si hotuba iliyoleta vita. Chanzo cha karibu kilikuwa jeshi. Jeshi la Kongo, lililoitwa Force Publique, lilikuwa na askari wapatao 25,000, lakini maofisa wote walikuwa Wabelgiji. Hakukuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Askari walitarajia kwamba uhuru ungewaletea vyeo na mishahara. Kamanda wao, Jenerali Janssens, aliwaambia wazi kwamba kwao uhuru haubadilishi kitu. Tarehe 5 Julai 1960 askari wa Léopoldville na Thysville waliasi.

Fuatilia mfuatano wa siku hizi, kwa maana ndio kiini cha mada:

- 5 Julai: maasi ya askari yanaanza. Baadhi ya Wabelgiji wanashambuliwa na maelfu wanakimbia nchi. Ofisi, hospitali na reli zinabaki bila wataalamu.
- 8 Julai: Lumumba anaamua maofisa wawe Waafrika. Victor Lundula anakuwa kamanda wa jeshi, na Joseph-Désiré Mobutu, aliyewahi kuwa askari kisha mwandishi wa habari, anakuwa Mnadhimu Mkuu.
- 10 Julai: majeshi ya Ubelgiji yanaingia bila idhini ya serikali ya Kongo, yakidai kuwalinda raia wake.
- 11 Julai: Tshombe anatangaza kwamba Katanga imejitenga.
- 12 Julai: Kasavubu na Lumumba kwa pamoja wanaomba msaada wa Umoja wa Mataifa.

Katanga ilijitenga ikiwa na askari na maofisa wa Kibelgiji, fedha za Union Minière na, baadaye, mamluki wa kigeni. Serikali ya Lumumba ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa na bunge, lakini ndani ya siku 12 ilikuwa imepoteza nidhamu ya jeshi, watumishi wake wenye ujuzi na chanzo kikuu cha mapato.

5. Umoja wa Mataifa, Vita Baridi na Kasai Kusini

Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama liliitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake, likaamua kutuma kikosi cha kulinda amani. Kikosi hicho kilifikia karibu askari 20,000, wakiwemo wa kutoka Ghana, Ethiopia, Tunisia na Morocco. Lumumba alitarajia kikosi hicho kiirudishe Katanga kwa nguvu. Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, aliona kwamba kazi yake ni kulinda amani na kuhakikisha Wabelgiji wanaondoka, si kuingilia ugomvi wa ndani. Tofauti hii iliharibu uhusiano wao.

Mwishoni mwa Julai Lumumba alikwenda Marekani kuomba msaada, akarudi bila kupata alichokitaka. Mwezi Agosti alipokea ndege na malori kutoka Umoja wa Kisovieti. Katika siku za Vita Baridi hatua hiyo ilitosha kuifanya Marekani imhesabu kuwa adui. Baadaye, mwaka 1975, kamati ya Seneti ya Marekani ilithibitisha kwamba shirika la ujasusi la CIA lilipanga kumwua Lumumba kwa sumu na likapeleka sumu hiyo Kongo, ingawa haikutumika.

Mwezi huohuo wa Agosti Kalonji alitangaza kujitenga kwa Kasai Kusini, eneo la almasi. Lumumba alituma jeshi. Askari walifika Bakwanga bila chakula cha kutosha na bila usimamizi mzuri, wakawaua raia wengi wa Kiluba. Mwanafunzi usiiruke sehemu hii kwa sababu tu Lumumba ni shujaa. Lengo lake lilikuwa umoja wa nchi, lakini watu waliouawa Bakwanga walikuwa raia wa nchi hiyohiyo, na jeshi lilikuwa lake. Tukio hilo liliwapa wapinzani wake hoja nzito na liliwageuza Waluba wengi wa Kasai kuwa maadui wake.

6. Kuondolewa, kukamatwa na kuuawa

Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba Kasavubu si rais tena. Bunge lilikataa uamuzi wa pande zote mbili. Maofisa wa Umoja wa Mataifa walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio cha Léopoldville. Hatua hiyo ilionekana haina upande, lakini ilimwumiza zaidi Lumumba. Kasavubu aliweza kutumia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto, na Lumumba alizuiwa kuwafikia wafuasi wake wa Stanleyville.

Tarehe 14 Septemba Mobutu, mtu aliyepandishwa cheo na Lumumba miezi miwili tu kabla, alitwaa madaraka kwa jeshi. Baadaye alishirikiana na Kasavubu. Lumumba alibaki nyumbani kwake akiwa amezungukwa na duara mbili za askari: wa ndani walikuwa wa Umoja wa Mataifa waliomlinda, wa nje walikuwa wa Mobutu waliotaka kumkamata.

Usiku wa tarehe 27 Novemba, mvua ikinyesha, alitoroka kuelekea Stanleyville, ambako naibu wake Antoine Gizenga alikuwa amekusanya wafuasi. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1,000 na kila mji watu walimtaka ahutubie. Alichelewa. Alipofika Mto Sankuru alivuka, lakini mkewe Pauline na mtoto wao mdogo walikuwa bado upande wa pili. Alirudi kuwachukua, na askari wa Mobutu wakamkamata. Alipelekwa Léopoldville, kisha kambi ya kijeshi ya Thysville.

Januari 1961 askari wa Thysville walianza tena kuleta fujo, na watawala waliogopa kwamba wangemwachia huru. Tarehe 17 Januari alipelekwa kwa ndege Katanga, mikononi mwa adui yake mkubwa, pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana, na Joseph Okito, aliyekuwa kiongozi katika Seneti. Walipigwa njiani ndani ya ndege. Usiku uleule walipigwa risasi msituni nje ya Élisabethville, mbele ya Tshombe na mawaziri wake, huku maofisa wa Kibelgiji wakiwepo na wakishiriki. Lumumba alikuwa na umri wa miaka 35. Siku zilizofuata polisi Mbelgiji aliifukua miili na kuiyeyusha kwa tindikali ili kusiwe na kaburi.

Habari za kifo chake zilitangazwa tarehe 13 Februari 1961, zikiwa na maelezo ya uongo kwamba aliuawa na wanakijiji alipokuwa akitoroka. Maandamano yalifanyika katika miji mikuu mingi duniani. Mwaka 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba nchi hiyo ina wajibu wa kimaadili katika kifo hicho, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha kwa familia jino moja, kitu pekee kilichojulikana kubaki cha mwili wake. Lilipelekwa Kongo na kuzikwa Kinshasa.

Nchini kwetu jina lake linajulikana hata kwa wasiosoma historia. Mtaa wa Lumumba uliopo Dar es Salaam, ambako chama cha TANU kilikuwa na ofisi na CCM ina ofisi ndogo ya makao makuu hadi leo, umepewa jina lake.

7. Vita baada ya kifo chake

Mwanzoni mwa mwaka 1961 Kongo ilikuwa na serikali nne: ya Léopoldville, ya Gizenga kule Stanleyville, ya Tshombe kule Élisabethville, na ya Kalonji kule Bakwanga. Tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama liliruhusu majeshi yake kutumia nguvu kama njia ya mwisho ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni ruhusa ambayo Lumumba aliiomba akiwa hai. Septemba 1961 Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, akiwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalimaliza kujitenga kwa Katanga.

Vita havikuisha. Mwaka 1964 wafuasi wa Lumumba walianzisha uasi mpya. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri katika serikali yake, aliongoza uasi wa Kwilu upande wa magharibi. Mashariki waliibuka wapiganaji walioitwa Simba, jina la Kiswahili, wakiongozwa na Gaston Soumialot na Christophe Gbenye. Waliamini kwamba dawa ya waganga ingegeuza risasi kuwa maji, imani ambayo mwanafunzi wa Tanzania ataikumbuka katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Agosti 1964 waliiteka Stanleyville. Kwa wakati fulani waliitawala karibu nusu ya nchi, na nao waliua raia wengi, hasa Wakongo wenye elimu na watumishi wa serikali.

Tshombe, aliyetaka kuivunja Kongo mwaka 1960, sasa ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wake. Alitumia mamluki, na tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville na ndege za Marekani. Mwaka 1965 Che Guevara na wapiganaji wa Kuba walipita Dar es Salaam na Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika kuwasaidia waasi, lakini baada ya miezi saba waliondoka bila mafanikio. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alipindua serikali kwa mara ya pili. Mwaka uliofuata alimtangaza Lumumba, mtu aliyemkamata na kumtoa, kuwa shujaa wa taifa. Mobutu alitawala hadi mwaka 1997.

8. Je, chanzo kilikuwa ukabila?

Makabila mengi peke yake hayaleti vita. Mfano uko karibu. Katika soko la mji wa Babati utakuta WaIraqw na Wagorowa, wanaozungumza lugha za Kikushi, Warangi na Wambugwe, wanaozungumza lugha za Kibantu, na Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Jamii za asili tatu tofauti zinauziana mahindi na mifugo katika soko moja. Kwa hiyo ukiandika ukabila kuwa sababu, eleza ni nani aliyeutumia, kwa faida gani, na kwa nguvu za nani. Hata Katanga haikuwa kitu kimoja: Waluba wa Katanga ya kaskazini walimpinga Tshombe na kupigana naye.

Linganisha pia na Tanganyika. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles nao waliasi, na madai yao yalifanana sana na ya Wakongo: mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Mwalimu Nyerere naye alilazimika kuomba jeshi la kigeni, la Uingereza. Kwa nini Tanganyika haikuvunjika? Hoja hizi zitakusaidia:

i. Waingereza waliingia kwa ombi la serikali na wakaondoka. Wabelgiji waliingia bila ombi na wakailinda Katanga iliyojitenga.

ii. Tanganyika haikuwa na jimbo moja lenye utajiri mkubwa ambalo kampuni ya kigeni ingefaidika likijitenga.

iii. TANU ilikuwa na matawi nchi nzima tangu miaka ya 1950. MNC kilikuwa na umri wa miezi 20 tu siku ya uhuru.

iv. Baada ya maasi jeshi la zamani lilivunjwa, na JWTZ ikaundwa upya mwaka 1964. Lumumba alijaribu kubadili vyeo ndani ya siku tatu, jeshi likiwa tayari limeasi.

v. Mataifa makubwa hayakuigombania Tanganyika kwa kiwang'o cha Kongo yenye shaba, almasi na urani.

Ukiangalia orodha hii utaona kwamba maasi ya jeshi yanaweza kutokea katika nchi yoyote changa. Kilichoyageuza kuwa vita vya miaka mitano nchini Kongo ni kwamba kila kundi la ndani lilipata mfadhili wa nje.

9. Kumtathmini Lumumba

Swali la tathmini linahitaji pande zote mbili. Kwa upande wa nguvu zake, aliunda chama kilichovuka makabila, alitetea nchi moja, na alikuwa na ushujaa wa kusema mbele ya mfalme mambo ambayo wengine waliyasema nyumbani tu. Kwa upande wa udhaifu, alifanya maamuzi kwa haraka, aligombana na washirika aliowahitaji, alimwamini Mobutu kupita kiasi, na alituma Kasai jeshi asiloweza kulidhibiti. Kumbuka pia kwamba alitawala kwa muda usiofika miezi mitatu. Usimlaumu kwa kila kilichotokea, wala usimwondolee lawama ya Bakwanga.

10. Maswali ya kujipima

1. Taja vyama vitatu vya siasa vya Kongo kabla ya uhuru na viongozi wake.
2. Eleza kwa nini askari wa Force Publique waliasi tarehe 5 Julai 1960.
3. Kwa kutumia mifano, onyesha jinsi madini yalivyochangia kujitenga kwa Katanga na Kasai Kusini.
4. Umoja wa Mataifa ulikataa mwaka 1960 jambo ambalo uliliruhusu mwaka 1961. Jadili.
5. Linganisha maasi ya jeshi ya Kongo (1960) na ya Tanganyika (1964), ukitoa mfanano mmoja na tofauti tatu.
6. Jadili dai kwamba ukabila ndio uliokuwa chanzo kikuu cha vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Kongo.

Mwongozo wa swali la 6: Anza kwa kueleza maana ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kubali kwamba vyama vingi viliegemea makabila, na utaje ABAKO na tawi la Kalonji. Kisha toa angalau hoja nne nyingine: elimu duni iliyoachwa na ukoloni, jeshi lisilo na maofisa Waafrika, maslahi ya kampuni za madini, kuingilia kati kwa Ubelgiji, na Vita Baridi. Kila hoja ibebe tarehe au jina moja la uhakika. Katika hitimisho chagua sababu unayoiona kubwa zaidi na useme kwa nini. Usimalize kwa kuorodhesha tena hoja ulizokwisha kuzitaja.